Kabla ya Kukunja Waya, Uliza Umetoka Wapi

Hotuba ya afisa wa habari wa kaunti kwa akina mama na vijana waliokutana Kosele, Kaunti ya Homa Bay, kujifunza kutengeneza herini za waya nyumbani. Salamu za wageni waalikwa zimefupishwa.

Wazee wetu, mama zangu, dada zangu, na nyinyi vijana wawili wa kiume mliokaa karibu na mlango kana kwamba mmekosea mkutano: sogeeni mbele. Hamjakosea. Kukunja waya ni kazi ya mikono, na mikono mnayo.

Wengi wenu mmezoea kuniona na kamera shingoni nikiandika mambo ya wengine. Leo nimeombwa niongee kwa sababu ya hizi herini nilizovaa. Nimezitengeneza mwenyewe, jikoni, watoto wakishalala. Nilianza nikiwa chuoni nikisomea uandishi wa habari, wakati nauli ya kurudi nyumbani ilikuwa shida. Mwenzangu wa chumba aliuza mandazi. Mimi siwezi kukanda unga hata leo, kwa hivyo nikauza herini.

Kazi yenyewe si ngeni kwetu. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani kuja bara ilibeba nguo, shanga na nyaya. Kiswahili kina majina yake: masango ni ule waya mnene wa shaba, na udodi ni ule mwembamba wa kusokotea mapambo. Siku hizi sote tunasema waya tu. Kule Mombasa, karakana za Bombolulu, zilizoanzishwa mwaka 1969 kwa ajili ya mafundi wenye ulemavu, zimejulikana miaka mingi kwa mapambo ya mikono. Nairobi, Kibera, kuna mafundi wanaoyeyusha mifereji na kufuli kuukuu wakapata vito vya shaba nyeupe vinavyouzwa ng'ambo. Sisi hapa hatuhitaji tanuri. Tunahitaji waya, koleo na meza.

Lakini kabla ya koleo, naomba niwaambie kisa changu ambacho sijawahi kukiandika kwenye gazeti lolote.

Nilipokuwa mwaka wa pili, kijana mmoja aliniletea bunda la waya mwekundu wa shaba. Alitaka pesa kidogo sana. Nikalipa, nikashukuru Mungu. Mimi ambaye kila asubuhi nilifundishwa darasani kuuliza nani, nini, lini, wapi na kwa nini, sikuuliza hata moja. Nilitengeneza herini nikaziuza, karibu jozi ishirini. Kisha siku moja jirani yetu, fundi wa stima, akaja kutazama kazi yangu. Akaushika ule waya, akaukwaruza kwa kucha, akaona vanishi inabanduka. Akaniuliza polepole, "Dada, huu umeutoa wapi? Waya wa nyumba haupakwi vanishi namna hii. Huu ni wa ndani ya transfoma."

Mtaa wa pili haukuwa na stima wiki hiyo. Je, ni kwa sababu ya waya ule niliokuwa nao? Sikupata jibu, na hilo ndilo linanisumbua mpaka leo. Uliobaki niliupeleka kwa chifu, nikaandikisha maelezo, nikarudi nyumbani bila waya na bila pesa. Yule kijana sikumwona tena.

Nawaambia haya kwa sababu mkianza kazi hii na habari zikienea kwamba Kosele kuna akina mama wanaonunua shaba, watakuja watu na magunia. Watakuja usiku, na bei yao itakuwa nzuri. Mnakumbuka Januari 2022, nchi nzima ilipoingia gizani baada ya milingoti ya umeme kuanguka Nairobi? Siku chache baadaye Rais alisimamisha biashara yote ya vyuma chakavu, na marufuku ile ilidumu miezi kadhaa. Hata sasa, chini ya Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015, anayefanya biashara ya skrapu lazima awe na leseni. Na waya wa transfoma ukiibwa, anayeumia ni mama anayejifungua kwa mwanga wa simu, ni kinyozi, ni mwenye posho mill, ni chanjo zilizo kwenye friji ya zahanati.

Basi tutoe waya wapi? Njia ni rahisi. Nyumba zinajengwa kila upande hapa. Fundi anayeweka stima hukata vipande, na vile vifupi hutupwa. Muombe, au vinunue, mbele ya mwenye nyumba, kisha uandike kwenye daftari: tarehe, jina la fundi, urefu. Vinginevyo nenda duka la hardware ununue mita moja moja, uchukue risiti.

Hapa kuna siri ambayo ilinichukua miaka kuijua. Usiombe waya wowote tu. Omba kebo ya milimita nne za mraba, ya nyuzi saba. Ukiimenya, kila uzi ndani yake una unene wa milimita 0.85 hivi, unaokunjika kwa mkono lakini haupotezi umbo. Ile ya taa, ya milimita moja na nusu, ikiwa ni ya nyuzi saba, nyuzi zake ni nyembamba mno, kama nusu milimita. Hiyo itafaa kufungia shanga tu. Na jihadharini na kebo za bei ya kutupa, hasa zile za kompyuta. Nyingine ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu. Kwaruza kwa kisu: ukiona ndani ni nyeupe, achana nayo.

Kumenya tunamenya kwa kisu, tukikielekeza mbali na mwili. Hatuchomi. Nimeona watoto wakichoma kebo kwenye jaa ili shaba itoke haraka. Ule moshi mweusi wa plastiki ni sumu, na shaba yenyewe inatoka imeungua.

Sasa hesabu. Herini tutakayotengeneza leo ni ya umbo la nyumba ya konokono, upana sentimita moja na nusu. Hiyo inakula kama sentimita 21 za waya, ongeza moja ya kitanzi cha juu. Jozi moja ni sentimita 44. Mita moja ya kebo ina nyuzi saba, yaani mita saba za waya. Ukikata vizuri utapata jozi kumi na nne. Ukikata ovyo, kama nilivyokata mimi mara ya kwanza, utapata tisa na hasira.

Unyooshe waya kwanza kwa kuuvuta kati ya kitambaa na kidole gumba. Anzia katikati ya konokono: kunja ncha iwe kitanzi kidogo kabisa kwa koleo la mdomo mwembamba, kisha ubane kitanzi hicho kikiwa kimelala, usukume waya ukizunguka, robo mzunguko kwa robo mzunguko. Usikimbie. Shaba ikikunjwa na kukunjuliwa mara nyingi huwa ngumu, kisha hukatika, kwa hivyo ukikosea mara mbili mahali pamoja, weka kipande hicho kando. Ugumu huo huo ndio unaotusaidia mwishoni: weka konokono juu ya chuma bapa, ugonge taratibu kwa nyundo, nayo itakaza isifunguke mtu akivua sweta. Ncha zote zisuguliwe kwa msasa. Pitisha ncha kwenye mdomo wako wa chini. Ikikukwaruza wewe, itamkwaruza na mteja.

Tengeneza mbili kwa pamoja, hatua kwa hatua. Ukimaliza ya kulia leo na ya kushoto kesho, hazitafanana. Niamini.

Ndoano ya kupita kwenye sikio ni jambo lingine, na hapa najua tutabishana. Wengine watawaambia tumieni shaba hiyo hiyo. Mimi nasema nunueni ndoano za chuma kisichoshika kutu. Shaba ikikutana na jasho huacha rangi ya kijani, na mteja akiona kijani sikioni harudi. Kibaya zaidi ni waya unaong'aa ambao hakuna anayejua ni madini gani. Mara nyingi una nikeli, na nikeli huwawasha watu wengi. Sikio linavimba, linatoa maji. Umoja wa Ulaya uliiwekea mipaka nikeli kwenye vito tangu 1994 kwa sababu hiyo. Binamu yangu alivaa jozi yangu moja ya waya wa aina hiyo kwenye harusi, na picha zote za jioni ameinamisha kichwa upande mmoja. Alinisamehe. Mteja hatasamehe. Wala msiunganishe kwa lehemu ya redio. Nyingi ina risasi, na risasi haina kazi mwilini mwa mtu.

Herini hizi ni za masikio yaliyopona. Tundu la chini ya sikio linataka wiki sita hadi nane. Kama wewe au mtoto wako mna makovu yanayofura, muulizeni daktari kabla ya kutoboa. Na mteja akijaribu herini, ndoano ifutwe kwa spiriti kabla ya mwingine kuijaribu. Tuwe na chupa ndogo mezani, isiwe mjadala.

Kuhusu bei, nitasema haraka kwa kuwa mnajua soko kunishinda. Kosa langu lilikuwa hili: nilihesabu waya na nauli ya kwenda Kibuye, Kisumu, sikuhesabu saa zangu. Niliuza jozi shilingi hamsini nikidhani nimepata faida. Andika muda uliotumia kwa kila jozi wiki ya kwanza. Ukitaka kupandisha thamani bila kuongeza waya, majirani zetu wa Tabaka wanachonga mawe ya sabuni. Shanga moja ndogo ya jiwe katikati ya konokono inabadilisha kila kitu.

Mwisho, wanaouliza kaunti inaingiaje kwenye herini. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti masoko, leseni za biashara, vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya ufundi wa nyumbani. Kwa hivyo mnapouliza mafunzo, au meza sokoni, hamuombi hisani. Mkitaka kujiandikisha kama kikundi, sheria ya vikundi vya jamii ya 2022 inataka watu wasiopungua kumi. Nimehesabu hapa, mmezidi.

Haya. Koleo ziko sita, kwa hivyo mtakaa watatu watatu. Kebo iko kwenye karai la bluu, na risiti yake nimeifunga kwenye mpini. Aliye na kidonda sikioni aje kwangu kwanza. Na nyinyi vijana wa mlangoni, mmoja aanze kumenya.