Daftari la Al Quoz: Mwezi Mmoja wa Ushirika

Haya ni mazungumzo yaliyotolewa kwenye kikao cha familia zilizowasili karibuni. Msemaji aliishi na kufanya kazi Dubai, mtaa wa Al Quoz, kabla ya kuungana na familia yake hapa.

  

Nimeombwa niseme kuhusu maisha ya kanisa ugenini. Wengi wenu mlikotoka, iwe Nyarugusu, Kakuma au Nakivale, kanisa lilikuwa hatua chache kutoka mlangoni. Ukikosa ibada, jioni mtu anabisha hodi kuuliza una nini. Hapa unaweza kukosa mwezi mzima na asibishe mtu. Wageni wengi huona jambo hilo wakadhani hawapendwi. Mimi nasema mara nyingi sababu ni ndogo kuliko hiyo: jina lako halijaandikwa popote. Nitawaeleza nilivyolijua hilo Al Quoz, halafu tuone linavyoweza kutusaidia hapa.

Mtaa wa kazi

Al Quoz uko kati ya barabara mbili kubwa za Dubai, Sheikh Zayed Road na Al Khail Road. Kuna sehemu ya nyumba za familia, lakini wengi wanaujua kwa maghala, gereji, karakana za mbao na alumini, madobi yanayofua mashuka ya hoteli, na kambi za wafanyakazi. Siku hizi watalii nao huja, kuona Alserkal Avenue, maghala yaliyogeuzwa kumbi za sanaa. Sisi tulikuwa upande wa kambi. Chumba kimoja, vitanda vya juu na chini, Mnepali, Mhindi, Mganda, Mkenya na Mtanzania pamoja. Basi la kampuni linakuchukua alfajiri na kukurudisha usiku. Unaweza kuishi hivyo miezi sita ukijulikana kwa namba ya kazi tu.

Karibu na kambi yetu hapakuwa na kanisa. Makanisa ya Dubai yamekusanyika hasa sehemu mbili, Oud Metha na Jebel Ali, kwenye ardhi iliyotolewa na watawala wa huko. Kanisa Katoliki la St. Mary's lilijengwa Oud Metha mwaka 1967, kwenye kiwanja alichokitoa Sheikh Rashid bin Saeed Al Maktoum. Jengo la sasa ni la mwaka 1989. Lile la St. Francis of Assisi, Jebel Ali, lilifunguliwa mwaka 2001, na jirani yake wapo Waanglikana na Waorthodoksi. Oud Metha iko pia Holy Trinity ya Waanglikana, ambayo kumbi zake hutumiwa na makundi mengi, kila moja kwa saa yake. Wafilipino wanatoka, Wahindi wanaingia, Waafrika wanasubiri nje na ngoma zao. Saa ikiisha mnatoka, hata kama mhubiri ndiyo kwanza amenoga.

Kutoka kwetu tulipanda basi hadi metro, tukashuka BurJuman, tukabadili njia, kituo kinachofuata ni Oud Metha. Kwa anayefanya kazi siku sita, safari hiyo inakula nusu ya siku yake ya kupumzika.

Na siku yenyewe haikuwa moja. Hadi mwisho wa 2021 wikendi ya huko ilikuwa Ijumaa na Jumamosi, kwa hiyo ibada kubwa ilikuwa Ijumaa. Januari 2022 serikali ikahamishia wikendi Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa ikawa nusu siku. Kampuni nyingi hutoa siku moja tu ya kupumzika, kila moja ikichagua yake. Basi kundi letu likawa na watu wa Ijumaa na watu wa Jumapili, na wengine ambao zamu ziliwazuia kabisa.

Jambo moja zaidi. Nyumbani tumezoea jumuiya. Maaskofu Wakatoliki wa ukanda wetu, kupitia umoja wao wa AMECEA, waliamua mwaka 1976 kuzipa jumuiya ndogo ndogo za Kikristo kipaumbele, na tangu hapo vizazi vimekua vikisali nyumba kwa nyumba. Walokole nao wana vikundi vyao vya majumbani. Kule huwezi. Ibada ya pamoja hufanyika mahali palipoidhinishwa, si chumbani kambini. Ilibidi tujiulize: jumuiya isiyoweza kukutana nyumbani itajuanaje?

Wiki nne

Jibu letu lilikuwa daftari la kawaida la mistari, na mimi ndiye niliyelishika. Kila eneo lilikuwa na mtu wake: wa Al Quoz, wa Sonapur, wa Deira, wa Satwa. Baada ya ibada tulikaa nusu saa uani, na kila wiki ya mwezi ilikuwa na kazi yake.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya wageni. Mgeni anasimama, anasema jina, kwao, kambi yake na kazi yake, na anatupa namba ya mtu mmoja wa nyumbani. Tunaandika hayo matano. Hatuulizi mshahara, dini ya mkewe wala matatizo yake. Kisha chai na mandazi.

Wiki ya pili ilikuwa ya wasioonekana. Tunasoma majina, na yeyote aliyekosa mara mbili mfululizo anapewa watu wawili wa kumtafuta. Mara nyingi ni zamu tu. Mara nyingine ni homa, au barua ya msiba kutoka nyumbani ambayo hakumwambia mtu.

Wiki ya tatu ilikuwa ya mafunzo. Mtu anayejua anaeleza namna ya kusoma mkataba, namna ya kutuma pesa bila kuibiwa, au sheria kama ile inayokataza kazi za juani kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa mchana, tangu 15 Juni hadi 15 Septemba. Wengi walikuwa hawaijui. Ramadhani ikikaribia, tulikumbushana heshima kwa majirani wanaofunga.

Wiki ya nne ilikuwa ya shukrani na kuaga. Tunawaombea waliozaliwa mwezi huo, tunawaaga wanaomaliza mikataba, na kwaya inaimba wimbo anaouchagua anayeondoka. Jina lake halifutwi. Tunaandika pembeni mahali anapokwenda.

Hayo ndiyo yalikuwa matukio yetu ya mwezi. Ukiyatazama hayana makubwa. Lakini Machi 2020 ibada za pamoja zilisimamishwa nchi nzima kwa sababu ya korona, na Aprili, kwa takriban wiki tatu, Dubai watu walizuiwa kutoka mchana na usiku isipokuwa kwa mahitaji ya lazima. Kwaya hakuna, chai hakuna, uwanja umefungwa. Kilichobaki ni daftari.

Tuligawana majina, kila mtu sita. Kule simu za WhatsApp hazipigiki, lakini ujumbe wa sauti unapita. Kila asubuhi unawatumia sita wako: "Umeamkaje?" Asiyejibu hadi jioni anatafutwa.

Kulikuwa na kijana mmoja aliyekuwa amekuja kanisani mara moja tu, wiki ya kwanza ya Machi. Hata sura yake nilikuwa nimeisahau. Akakaa siku mbili bila kujibu. Sisi hatukuweza kutoka, lakini katika kambi ile alikuwepo Mzanzibari mmoja, Mwislamu, tuliyefahamiana naye dukani kwa sababu ya Kiswahili. Tukamwomba. Akauliza vyumba, akamkuta kijana amelala peke yake, wenzake wamehamishiwa chumba kingine, homa kali, hajala. Msimamizi akaitwa, namba 998 ya gari la wagonjwa ikapigwa, akapelekwa hospitali. Alipona. Leo yuko kwao na ana mtoto.

Ndugu zangu, kijana yule hakuwa mwanakwaya. Hakuwa ametoa sadaka ya kutajwa. Alikuwa na mistari mitano kwenye daftari.

Nani anapaswa kulipa?

Naongeza jambo la pesa, kwa sababu ndilo linalovunja makundi yetu ugenini.

Mwaka mwingine tulifiwa na mwenzetu. Mara moja vijana wakataka kuchangisha kwenye simu ili mwili urudishwe nyumbani. Moyo ni mzuri, lakini kule kuchangisha watu bila kibali ni kosa la jinai. Dubai ilitoa amri maalumu juu ya hilo mwaka 2015. Mzee wetu mmoja akauliza swali ambalo sikulisahau: "Kabla hatujatoa mfukoni, nani anapaswa kulipa?" Tukaulizia. Kumbe sheria ya kazi ya huko inamtaka mwajiri agharamie kuandaa na kusafirisha mwili wa mfanyakazi, ndugu wakiomba. Familia ikaandika ombi, konseli ya nchi yake pale Dubai ikasaidia kwenye karatasi, kampuni ikalipa. Sisi kazi yetu ikawa kumsindikiza, kusali mahali panaporuhusiwa, na kumpigia mama yake kila wiki mpaka arobaini ikapita.

Fikirini kama tungekimbilia kuchanga. Watu wa mishahara midogo wangelipa deni lisilo lao, na huenda wengine wangekamatwa.

Na hapa tulipo

Sasa nasema na wewe uliyefika juzi, na wewe unayesoma haya nyumbani.

Ukifika kanisani hapa, watu watakutabasamia. Watakwambia karibu tena. Usingoje wakufuate nyumbani. Wengi wanaogopa kukusumbua, na kwa mila zao kubisha hodi bila taarifa ni kukosa adabu. Muulize mhudumu wa mlangoni: nani anaandika majina? Mpe jina lako lote, na umfundishe kulitamka. Usikubali wakufupishie kwa sababu ni gumu. Mpe namba ya simu, na lugha unayoisikia vizuri.

Chukua karatasi ya matangazo ya mwezi, mwombe mtoto au jirani akusomee. Chagua jambo moja tu, moja kwa mwezi: kwaya, usafi, chakula cha pamoja, kipindi cha watoto. Kwenye ibada mnakaa mkitazama mbele. Kwenye kuosha vyombo mnatazamana, na hata lugha inafunguka. Ukiweza kupika mandazi, pika. Kama huna usafiri, sema mapema. Wenye magari wapo, ila hawajui unakaa wapi.

Msaada wowote unaopewa haukufungi kujiunga na kanisa. Akikwambia mtu kwamba utakosa stahili yako usipohudhuria, huyo hasemi kweli. Na habari za kesi yako, karatasi zako au kilichokupata njiani, usizitoe mbele ya watu wote kama ombi la maombi. Mpelekee anayeshughulikia faili lako. Waombaji wakuombee bila kujua namba ya faili.

Likija jambo la pesa, msiba au ugonjwa, uliza swali la mzee yule kabla ya kupitisha kapu: nani anapaswa kulipa? Huenda kuna bima, huenda kuna haki, huenda kuna ofisi. Tukishajua, ndipo tuchangie kilichobaki, kwa njia iliyo wazi, na hesabu isomwe mbele ya wote.

Kwa wale ambao si wa kanisani, msikitini kuna watu, kwenye kikao cha wazazi shuleni kuna watu. Swali ni lile lile: usipoonekana wiki mbili, nani atakuulizia? Kama hujui jina la mtu huyo, ndiyo kazi yako ya mwezi huu.

Na sisi tunaosema Kiswahili hapa tusiwaachie wenyeji kazi yote. Familia zetu zimetawanyika; mwingine yuko ghorofa ya tano na watoto wadogo, hajui basi linasimama wapi. Mama mzee anashinda peke yake wajukuu wakiwa shule. Hao hawahitaji mkutano mkubwa. Wanahitaji mtu mmoja mwenye majina sita, anayeuliza kila asubuhi wameamkaje.

Mkitoka, pale mezani karibu na chai nimeweka daftari jipya na kalamu. Andika jina, unapokaa, simu, lugha, na mtu mmoja wa karibu. Anayetaka kushika majina sita aweke alama ya tiki mbele ya jina lake. Wiki ijayo, saa na siku kama leo, tutagawana.