Naomi Arudipo Kwao



Kila kiangazi, kati ya Juni na Agosti, huonekana katika parokia zetu za Ngara na Biharamulo wana wa huku waliokaa ng'ambo miaka mingi. Pamoja na kuwasalimu ndugu, huja kutafuta mahali walipopitishia likizo za utoto: migomba ya bibi, mteremko wa kuchungia mbuzi, kijito cha kuogea. Nasi tuliopata kuishi nchi za mbali twaijua hamu hiyo, wala hatuicheki.

Lakini wengi hawamalizi siku mbili kabla ya kuanza kulalamika. Aliyeletwa utotoni kusikiliza ngurumo ya maporomoko ya Rusumo, pale Ruvubu ilipokwisha kuungana na Kagera, leo akuta mitambo ya umeme wa megawati 80, unaogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi, na malori yakingoja zamu mpakani. Aliyezoea kwenda ziwani Chato akijiona yumo Biharamulo, aambiwa kwamba sasa yuko wilaya nyingine, tena mkoa mwingine wa Geita, ulioanzishwa mwaka 2012. Pori la akiba la Biharamulo nalo, tangu mwaka 2019, limo katika Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Hayo yote mtu huyazoea upesi.

Benaco ndiko lawama huzidi. "Nani aliyemaliza miti hii?" huuliza mgeni, akimtazama mwenyeji kana kwamba amemfumania na shoka. Ndugu zangu, tarehe 28 Aprili 1994 na siku iliyofuata, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda. Walihitaji kuni za kupikia maharage na nguzo za kushikilia maturubai, nao walikaa mpaka Desemba 1996. Miti ilikatwa ili watu waishi. (Miongoni mwao walikuwamo pia waliomwaga damu, hilo nalo ni kweli, na waliolala jirani na hofu hiyo ni hawa hawa tunaowauliza habari za miti.)

Tufungue Kitabu cha Ruthu. Naomi aliondoka Betlehemu pamoja na mume na wana wawili kwa sababu ya njaa. Baada ya miaka kama kumi huko Moabu alirudi mjane, wanawe wamekufa. Wanawake wa mji walitaharuki, wakaulizana kama kweli ndiye. Naye akawaambia wamwite Mara, yaani mwenye uchungu, kwa kuwa amerudi mikono mitupu. Uchungu wake ulikuwa wa haki. Hata hivyo Ruthu alikuwa amesimama ubavuni pake, na mbele yake walisimama wanawake waliobaki na ile njaa. Maandiko hayasemi kwamba Naomi aliwauliza waliipitaje. Na Ruthu alipojifungua, ni majirani hao waliompa mtoto jina la Obedi.

Twasema haya kwa sababu ya jambo linalotokea katika vigango vyetu kila mwaka. Shangazi amelitunza shamba la bibi miaka yote: amepalilia migomba, amefagia makaburi, ameketi katika mabaraza ya kugombea mipaka. Kisha mpwa awasili na fedha zake, ataka kujenga nyumba ya kupumzikia siku za likizo, kwa ukuta na geti, na ufunguo akaondoke nao. Shangazi aambiwa ahamishe maharage yake. Mpwa adhani anaurudisha utoto wake, kumbe anamfukuza mtu wa mwisho anayeukumbuka. Makatekista, mnazijua nyumba hizo zilizofungwa, na mnawajua akina mama wanaolima kando ya ukuta wake.

Basi wewe uliyefika juma hili, kabla ya kumwita mpima ardhi, keti jikoni kwa shangazi jioni moja nzima. Muulize ule mwaka 1994 alimgawia nani maji, na ni nani aliyezikwa wewe ukiwa mbali. Muulize pia mpaka wa shamba unapita wapi, maana hapo kijijini yeye ndiye aujuaye.

Tumsifu Yesu Kristo.