Komini Ndiyo Iliyotutenga, Komini Ndiyo Itupatanishe

Mhadhara wa umma uliotolewa Lubumbashi



Mmenipa nafasi niseme juu ya mji wetu na majeraha yake. Nitaanzia kwenye ardhi, maana watu wa Lubumbashi walitenganishwa kwanza kwenye ramani, na mioyo ikafuata baadaye.

Reli iliyotoka Rhodesia ilifika hapa mwaka 1910, na mwaka huohuo Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, ikaanza kujengwa chini ya mtawala wa Kibelgiji Emile Wangermée. Mji wa Wazungu ulikuwa na barabara zilizonyooka na viwanja vipana. Waafrika waliwekwa pembeni, na miaka ya 1920 ilipoanza wakahamishiwa cité mpya, ile ya Albert ambayo leo ni Kamalondo. Katikati pakaachwa ukanda mtupu wa mita 500 na zaidi, usiojengwa nyumba ya kulala mtu. Waliuita eneo la kati, na sababu waliyoitoa ni afya: mbu wa malaria, walisema, hawezi kuruka umbali huo.

Hebu tuipime sababu hiyo. Kila alfajiri mpishi, boi wa nyumbani, yaya na mfua nguo walivuka ukanda ule kwenda mjini. Waliingia jikoni, wakabeba watoto wa Wazungu mgongoni, wakatandika vitanda vyao. Giza likiingia, hao hao wakawa hatari kwa afya na walitakiwa wawe wamerudi kwao. Aliyechelewa alihitaji karatasi ya ruhusa. Kama damu yao ilibeba ugonjwa, iliubeba mchana pia. Ukanda ule ulizuia kitu kimoja tu: watu wasiwe majirani.

Msanii wetu Sammy Baloji, mzaliwa wa mji huu, alilionyesha jambo hili mwaka 2013 bila maneno mengi. Alizipanga picha za ukanda ule zilizopigwa kutoka angani pamoja na picha za wadudu waliohifadhiwa makumbusho, na kati yake akaweka picha ya kale ya mwaka 1929, enzi ambapo mfanyakazi alitakiwa alete nzi hamsini ndipo apewe posho yake ya chakula. Mtazameni mtu huyo kwa makini. Ametoka kazini amechoka, na kabla ya kupokea unga wa watoto wake anahesabiwa nzi mkononi, mmoja mmoja. Hiyo ndiyo serikali ya mtaa ambayo babu zetu waliifahamu kwanza.

Wao wenyewe hawakunyamaza. Mwaka 1965 André Yav, akiwaandikia mabwana boi wenzake waliozeeka katika nyumba za Wazungu, alitunga historia ya mji huu kwa Kiswahili chetu cha Katanga, akiiita Vocabulaire de ville de Elisabethville. Ni kitabu kidogo kilichochapwa kwa mashine, kisicho na cheo cha chuo. Nawaombeni mkisome kabla ya vyote tulivyoviandika sisi maprofesa, kwa sababu aliyekiandika alivuka ukanda ule kwa miguu.

Sasa nifike mahali ninapotaka tukae kidogo: Desemba 1957.

Kwa dekreti ya Machi mwaka ule, Wabelgiji waliruhusu uchaguzi wa komini, yaani serikali za mitaa, katika miji mitatu, Léopoldville, Élisabethville na Jadotville, yaani Likasi ya leo. Wanaume watu wazima walipiga kura. Mama zetu hawakuhesabiwa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Mwafrika wa mji huu kuchagua kiongozi wake kwa karatasi. Lakini tazameni alichopewa. Aliruhusiwa kumchagua diwani wa komini yake, na kupitia diwani huyo akapatikana meya wa komini ya Waafrika. Mji wa Wazungu ulibaki na komini yake. Meya mkuu aliyesimama juu ya wote aliwekwa na utawala wa kikoloni. Ukuta wa rangi haukuguswa hata tofali moja. Kilichotolewa kigombaniwe kilikuwa kiti kimoja ndani ya kila komini ya watu weusi.

Matokeo tunayajua. Mameya wanne wa komini za Waafrika hapa Élisabethville wote walikuwa watu waliotoka nje ya Katanga, wengi wao Kasai. Walishinda kwa haki, kwa kura. Kampuni ya madini ya Union Minière na kampuni ya reli ya BCK zilikuwa zimewaleta wazazi wao huku kwa makusudi, kwa ajili ya kazi. Tangu mwaka 1928 reli iliunganisha Katanga na Ilebo ikipita Kasai, na sera ya kampuni ilikuwa mfanyakazi aje na mke wake, azae hapa, watoto wake warithi kazi. Hakuna aliyevamia. Waliitwa.

Lakini kijana wa Katanga aliyetazama ofisi ya komini yake mwaka 1958 hakuiona mipango ya kampuni. Alimwona jirani yake amekaa kwenye kiti. Hasira iliyopaswa kwenda juu, kwa wenye mgodi na wenye sheria, ikaenda kando, kwa mtu anayechota maji kwenye bomba moja naye. Oktoba 1958 chama cha wenyeji wa Katanga, CONAKAT, kikaanzishwa, na Godefroid Munongo na Moïse Tshombe wakawa viongozi wake. Mwaka uliofuata chama cha walowezi Wazungu kikaungana nacho. Wale waliokuwa wamejenga ukanda wa mita 500 wakageuka ghafla kuwa watetezi wa wenyeji! Tarehe 11 Julai 1960 Katanga ikajitenga, na mwaka 1961 makumi ya maelfu ya Waluba, wakiwemo watu wa Kasai, walikuwa wakilala kambini nje kidogo ya mji huu, chini ya ulinzi wa Umoja wa Mataifa.

Ninasisitiza hapa kwa sababu vijana wengi wameambiwa kwamba ugomvi wa Mkatanga na Mkasai ni wa asili, wa damu. Ni uongo. Tarehe 9 Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière walipogoma kudai mshahara, waliopigwa risasi uwanjani kwa amri ya Gavana Amour Maron walilala pamoja chini, watu wa kila kabila. Léonard Mpoyi aliyesema kwa niaba yao hakuwasemea watu wa jimbo lake. Makumi walikufa siku ile. Mchoraji Tshibumba Kanda-Matulu aliichora siku hiyo, na nyumba nyingi za mji huu ziliwahi kutundika michoro ya namna hiyo sebuleni.

Ya mwaka 1992 na 1993 sitayapitia yote. Wengi waliomo humu wanayabeba. Mobutu alikuwa akipigania kiti chake. Étienne Tshisekedi, Mkasai, alikuwa amechaguliwa waziri mkuu na Konferensi ya Taifa akichukua nafasi ya Nguz Karl-i-Bond, Mkatanga. Na Gavana wa wakati ule, Gabriel Kyungu wa Kumwanza, alihutubia watu kwa maneno yaliyowageuza binadamu kuwa wadudu wa kufagiwa. Ghasia zilianza Likasi, zikafuata Kolwezi. Mamia ya maelfu ya Wakasai waliondoshwa. Walikaa stesheni wiki nyingi wakingoja treni, wamelala juu ya magunia, watoto wakifa kwa surua na kuhara. Treni ile iliyowarudisha ilipita katika reli ileile iliyowaleta babu zao kazini.

Lubumbashi haikufikia kiwango cha Likasi na Kolwezi, na hilo si jambo dogo. Hapa jirani alimficha jirani.

Tangu hapo, nani amefanya kazi ya kuponya? Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu na wenzake, katika mradi wa Mémoires de Lubumbashi, waliwaita wakaaji walete kumbukumbu zao wenyewe: picha za arusi, kofia za mgodini, masimulizi ya mama zetu wa kambini. Wasanii wa chama cha Picha wamefanya kwa maonyesho yao. Maaskofu wamefanya: Mei 2022 Askofu Mkuu Fulgence Muteba aliwakutanisha viongozi wa Katanga hapa mjini kwa mkutano wa umoja na upatanisho. Mwezi uliofuata sanduku lenye jino la Patrice Lumumba, kitu pekee kilichobaki cha mwili wake, lilipita Shilatembo, mahali alipouawa tarehe 17 Januari 1961, na watu walilia hadharani. Hata mpira umefanya kazi yake: mashabiki wa Mazembe na Lupopo hutukanana kila wiki, lakini hakuna anayeulizwa kabila mlangoni mwa uwanja.

Ninawashukuru wote hao. Hata hivyo ninasema wazi: wanaimba wimbo ambao serikali ya mji haijaitikia. Askofu hana faili la parseli. Msanii hana muhuri. Komini inavyo vyote viwili.

Twendeni kwenye dirisha la ofisi. Mama mmoja anaingia kutafuta karatasi. Amezaliwa komini ya Katuba, mama yake kazaliwa Katuba, bibi yake alifika hapa kabla ya uhuru. Karani anauliza: jimbo la asili? Teritware? Sekta? Kijiji? Anataja kijiji ambacho hajawahi kukikanyaga, na karani anaandika. Kadi ya mpiga kura nayo inabeba asili hiyo. Siku ya utulivu maandishi hayo ni wino tu. Siku ya machafuko ni orodha. Komini inaweza kuanza leo kuandika kwa uzito uleule mahali mtu alipozaliwa, alikokulia na anakolipia kodi.

Jambo la pili ni nyumba. Waliofukuzwa mwaka 1992 na 1993 waliacha nyumba. Nyingine ziliporwa, nyingine zikauzwa usiku kwa bei ya kutupa na mtu aliyekuwa anaokoa roho yake. Komini za majimbo ya Haut-Katanga na Lualaba zinapaswa kufungua daftari ambamo kila aliyepoteza nyumba aandikwe, hata kama fidia haitapatikana kesho. Wataniambia kwamba mji hauna uwezo wa jambo la taifa. Mwaka 2021 baraza la mji mdogo wa Evanston, jimbo la Illinois, Marekani, lilipitisha msaada wa nyumba wa hadi dola 25,000 kila mmoja kwa Waamerika weusi waliobaguliwa katika makazi kati ya 1919 na 1969, na kwa wazao wao. Hawakuisubiri Washington. Walisema: ubaguzi ule ulifanywa na mji, basi mji ulipe. Mji wa Brussels nao uliweka jina la Lumumba kwenye uwanja wake tarehe 30 Juni 2018 kwa uamuzi wa baraza la mji.

Sisi pia tunayo sheria. Sheria ya Oktoba 2008 juu ya maeneo yenye mamlaka yake inaipa komini baraza na bajeti. Kilichokosekana kwa miaka yote hii ni watu waliochaguliwa. Desemba 2023, kwa mara ya kwanza chini ya katiba ya sasa, wakaaji wa miji mikuu ya majimbo walipiga kura kuwachagua madiwani wa komini. Safari hii mama zetu walipiga.

Kwa hiyo neno langu ni kwenu, madiwani wa komini za Kamalondo, Kenya, Katuba, Ruashi, Kampemba, Annexe na Lubumbashi. Wenzenu wa mwaka 1957 walipewa kiti ili wagombane. Ninyi msikubali hilo. Katika vikao vyenu vya kwanza wekeni mezani daftari la nyumba na fomu ya dirishani, na mwiteni mtu yeyote wa chuo chetu mtakayemhitaji. Tutakuja, na hatutadai malipo.