Kitanda Kilichopunguzwa: Mazungumzo na Vijana Kabla ya Futari

Bismillahir Rahmanir Rahim.

  

Nimeombwa nieleze kazi ninayofanya, ya kuchora vyumba kwa kompyuta mpaka mtu adhani amepigiwa picha. Najua kuna mmoja hapa ana swali la hukmu ya kuchora. Mimi nachora kuta, vitanda na mapazia, sichori chenye roho. Ya zaidi muulizeni sheikh, yuko hapa.

Picha hizi mmeziona nyingi kuliko mnavyofikiri. Kampuni ya IKEA ya Sweden ilitia kiti kilichochorwa kwa kompyuta katika katalogi yake ya mwaka 2006, na kufikia 2014 karibu robo tatu ya picha za bidhaa zake zilikuwa za kompyuta. Watu wakinunua, hawajui.

Sasa siri yake ni nini? Ni nuru. Ibnul Haytham, aliyezaliwa Basra akafanya kazi Misri, aliandika miaka elfu moja iliyopita katika Kitabul Manadhir kwamba jicho halitoi nuru. Nuru ndiyo inayotoka kwenye vitu ikaingia jichoni. Kompyuta inafuata njia hiyo hiyo, lakini kinyumenyume. Inaanzia kwenye kamera, inarudi ukutani, inaruka sakafuni, inatafuta dirisha, kwa sababu miali mingi ya dirishani haifiki kwenye kamera kabisa, ingekuwa kupoteza wakati bure. Weka zulia jekundu karibu na ukuta mweupe, utaona ukuta umepata wekundu kidogo chini. Asiyejua hilo, chumba chake huonekana kama katuni.

Na ukuta mweupe, vijana, msiufanye mweupe kabisa. Hakuna rangi ya nyumba inayorudisha nuru yote. Asilimia 80 hivi yatosha. Kona za meza pia zisiwe kali kama wembe, zilainisheni kidogo ili zishike mng'ao. Nenda Lamu ukatazame zidaka katika nyumba za kale: chokaa imepakwa kwa mkono, hakuna mstari ulionyooka sawasawa, na mwanga unaingia kutoka kiwandani, unafifia kadiri unavyoingia ndani. Mimi nimejifunza zaidi kwa kukaa katika chumba kama kile asubuhi mpaka adhuhuri kuliko kwa kusoma vitabu vya programu.

Gharama isiwatishe. Blender ni programu ya bure tangu 2002, mtu anaishusha halali bila kuiba. Kinachotaka subira ni kompyuta yenyewe. Picha ikitoka na chembechembe kama mchanga, ukitaka zipungue nusu, kazi inaongezeka mara nne. Utaiacha ifanye kazi usiku kucha, na stima ikipotea saa tisa, unaanza upya. Innallaha ma'as-sabirin!

Lakini lililonileta hasa ni jambo jingine, na nalisema mbele ya wazazi wangu kwa aibu.

Miaka michache nyuma nilipewa kazi ya fleti ambazo hazijajengwa. Chumba cha kulala kilikuwa mita 2.7 kwa mita 2.4. Muuzaji akaniambia, kinaonekana kidogo, kifungue. Nikaweka lenzi ya milimita 16. Lenzi ya milimita 35 huona nyuzi 54 hivi. Ile ya 16 huona karibu 97, na ukuta wa mbali unakimbia. Akasema bado. Nikapunguza kitanda. Nilikichukua kitanda cha tano kwa sita nikakifinya kwa asilimia 20, na kabati nikalifinya vile vile. Dakika mbili tu. Picha ikapendeza, nikalipwa.

Fleti zilipokwisha, mama mmoja alinitafuta. Mwanawe yuko Ghuba, alikuwa ametuma arbuni kwa kuiona picha ile. Alikuwa ameikunja kwenye mkoba. Akaniuliza, "Mwanangu, kitanda hiki ni cha watoto?" Chake kilikuwa kimeingia, lakini mlango wa kabati haufunguki. Sikuwa na jibu.

Ndugu zangu, Mtume (s.a.w.) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia tende kabla hazijavunwa, mwaka mzima au miwili mbele. Hakuwakataza. Aliwataka kipimo kijulikane, uzani ujulikane, na muda ujulikane. Na kuna siku alitia mkono katika fungu la nafaka sokoni, vidole vikakuta umaji chini. Mwenye nafaka akasema ni mvua, akaulizwa kwa nini asiuweke juu watu wauone. Hadithi hizi nilizijua tangu madrasa. Nilidhani zinawahusu wenye maduka. Kumbe fleti isiyojengwa haina kitu cha kutia mkono, picha ndiyo kipimo, na kipimo nilikishika mimi.

Muuzaji hakurudisha kitu, maana karatasi alizotia sahihi kijana zilisema picha ni ya mfano tu. Mimi nilimpelekea mama ule ujira wangu, haukufika hata robo ya arbuni. Alipokea nusu, nusu akanirudishia akasema nina watoto.

Tangu hapo kila picha yangu ina maandishi pembeni: upana, urefu, milimita za lenzi, na ukubwa wa kitanda. Kamera naiweka kimo cha kifua cha mtu aliyesimama mlangoni, kama ukuta wa nyuma unaniziba basi nasema ukuta unaniziba. Wateja watatu wamenikimbia kwa ajili ya maandishi hayo. Wawili wengine wamekuja kwa sababu hiyo hiyo, kwa hivyo hesabu bado hainitoki vizuri.

Naona mwadhini anatazama saa. Wenye kompyuta zao, baada ya tarawehe tukutane darasa la nyuma, njooni na futikamba. Tutaanza kwa kukipima chumba chenyewe. Tende zinapitishwa, tafadhali wapeni wazee kwanza.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullah.