MAZUNGUMZO BAADA YA HABARI: Shule za Binafsi na Jirani Zao

Wasikilizaji wapenzi, na hasa ninyi ndugu zetu wanajeshi na askari polisi mnaotusikiliza makambini, vituoni na katika doria za mpakani hapa Gisenyi,

Katika mazungumzo yetu ya leo tutaziangalia shule za binafsi, yaani shule zinazoendeshwa na wazazi, vyama, madhehebu ya dini au watu wenye mitaji yao. Tutauliza: shule hizi zina wajibu gani kwa wanafunzi wake, kwa walimu wake, na kwa shule za serikali zilizo jirani nazo?

Huenda baadhi yenu mkasema kwamba jambo hili halimhusu askari. La hasha, linamhusu sana. Askari ni mzazi kama wazazi wengine, tena ni mzazi asiyekaa mahali pamoja. Leo yupo Rubavu, kesho yupo Nyagatare, na mwezi ujao huenda akapelekwa Msumbiji au Jamhuri ya Afrika ya Kati. Mtoto wake anabaki mikononi mwa mwalimu. Aidha, wanajeshi na polisi wamekuwa wakishiriki pamoja na wananchi katika umuganda wa kujenga madarasa. Aliyebeba tofali ana haki ya kuuliza habari za nyumba.

Ndugu wasikilizaji, ni vema kwanza tukumbuke shule hizi zimetoka wapi. Hapa kwetu elimu ya darasani ililetwa na wamisionari. Misioni ya Nyundo, iliyo karibu na mji huu, ilianzishwa mwaka 1901. Baadaye dola ilianza kuchangia gharama, na sheria ya elimu ya mwaka 1966 ikaimarisha mamlaka yake juu ya shule. Ndipo ukakomaa utaratibu tunaoujua hata leo: majengo na ardhi ni vya kanisa, lakini mishahara ya walimu inatoka serikalini. Kwa hiyo ushirikiano baina ya mwenye shule na dola si jambo geni nchini mwetu.

Lakini ipo historia nyingine, nayo ni chungu. Katika miaka ya 1970 na 1980 nafasi za shule za sekondari ziligawanywa kwa kabila na kwa mkoa. Gisenyi na Ruhengeri zilipendelewa, na watoto wengi wa Kitutsi, pamoja na watoto wa mikoa ya kusini, walinyimwa nafasi walizostahili. Ndipo wazazi walipoamua kujijengea shule. Mwaka 1981, mjini Kigali, chama cha wazazi kiitwacho APACOPE kilianza kazi hiyo. Basi chanzo kimoja cha shule ya binafsi katika nchi yetu ni mlango uliofungwa. Mgao ule ulifutwa baada ya mauaji ya kimbari ya 1994. Hata hivyo, shule zilizozaliwa kwa sababu ya mlango uliofungwa hazina budi kujihadhari zisije nazo zikawafungia wengine mlango, safari hii kwa kufuli la fedha.

Wajibu wa kwanza ni kwa mwanafunzi. Mwezi Septemba 2022 serikali iliweka kikomo cha mchango wa wazazi katika shule zake na zile inazozisaidia: faranga 975 kwa muhula katika shule ya msingi, 19,500 kwa sekondari ya kutwa, na 85,000 kwa sekondari ya bweni. Shule za binafsi hazikuhusika na kikomo hicho, zinajipangia ada. Uhuru huo una deni lake. Shule inayojiheshimu hutenga nafasi kwa mtoto yatima na kwa mtoto mwenye akili asiye na uwezo. Humpokea mtoto wa mtumishi aliyehamishwa katikati ya mwaka. Wala haimwinui mtoto mbele ya wenzake na kumfukuza darasani kwa sababu ya deni la baba yake.

Wajibu wa pili ni kwa mwalimu na watumishi wengine. Shule zote zilipofungwa mwezi Machi 2020 kwa ajili ya ugonjwa wa Korona, walimu wa serikali waliendelea kupata mishahara yao. Wenzao wengi wa shule za binafsi walikaa miezi mingi bila kitu, mpaka shule zilipoanza kufunguliwa mwezi Novemba. Halafu mwezi Agosti 2022 serikali ikawaongezea walimu wa shule za msingi mshahara kwa asilimia 88, na wa sekondari kwa asilimia 40. Je, ni ajabu kwamba baadhi ya walimu waliyaaga madarasa ya binafsi?

Ninyi askari mnalielewa jambo hili bila kuhubiriwa. Tangu mwaka 1997 mnayo Zigama, ushirika wenu wa akiba na mikopo. Mnajua kwamba mshahara unaofika kwa wakati ndio unaomwezesha mtu kukopa, kuezeka nyumba na kusomesha. Mwalimu anayelipwa leo, na kesho akaambiwa asubiri, hawezi kukopa popote. Tena sheria inamtaka kila mwajiri amwandikishe mfanyakazi wake katika hifadhi ya jamii. Mwenye shule anayekwepa jambo hilo anajenga mabweni kwa uzee wa walimu wake.

Wajibu wa tatu ni kwa shule jirani ya serikali. Maabara inayofungwa kwa kufuli Jumamosi nzima, ilhali ng'ambo ya ua wapo watoto wanaojifunza kemia kwa kuchorewa chupa ubaoni, ni mali iliyolala. Maktaba inaweza kuwa na siku ya wageni. Mitihani ya majaribio inaweza kutungwa pamoja. Wala tusidhani kwamba msaada unakwenda upande mmoja tu. Mwalimu wa serikali aliyezoea darasa lenye watoto wengi ana ufundi ambao mwenzake wa darasa dogo hajaujua.

Nchini Uingereza, tangu tarehe 1 Januari 2025, ada za shule za binafsi zinatozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20, na serikali ya huko ilieleza kwamba fedha hizo ni za kusaidia shule za umma. Katika mjadala ule wenye shule walijitetea kwa kutaja misaada wanayozipa shule jirani. Wahenga walisema, mwenzio akinyolewa, wewe tia maji. Ni heri wenye shule wetu waonyeshe matendo kabla hawajaulizwa.

Ndugu wasikilizaji, mto Sebeya ulipofurika usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mafuriko na maporomoko yaliua watu zaidi ya 130 katika mikoa ya Magharibi na Kaskazini. Wanajeshi na polisi waliokwenda kuokoa hawakumwuliza mtoto yeyote kwamba anasoma shule gani. Wenye shule, wazazi na viongozi wa Rubavu tunawaomba waige moyo huo siku za salama pia.

Hayo ndiyo maoni yetu ya leo.