Babu Anapomwandikia Mtendaji

Mgeni rasmi, wanazuoni, wazee wetu wa Goba, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

Mmeona? Maneno mawili, na hakuna aliyenuna kwa kutotajwa. Kwenye barua hatuna mkato wa namna hiyo. Lazima uamue kwanza huyu unayemwandikia ni nani kwako.

Majuzi nilikuwa steshenari moja hapahapa Goba, nasubiri kutoa kopi. Mzee mmoja alikuwa anamtajia kijana wa kompyuta barua ya kwenda kwa mtendaji wa kata: mfereji umefukiwa, maji ya mvua yanaingia mpaka sebuleni. Kijana hakuwa na haja ya kusikiliza mwanzo wala mwisho, alikuwa navyo tayari kwenye faili: S.L.P., “Ndugu,” “YAH:”, “Husika na kichwa cha habari hapo juu,” na kule chini kabisa, “Wako mtiifu.” Mzee akavaa miwani, akasoma, akauliza: “Mtiifu kwa nani? Yule mtendaji tukikutana njiani huniamkia shikamoo!”

Swali hilo ndilo limenileta hapa. Makarani wa serikali ya Kiingereza walifunga barua kwa kujiita watumishi watiifu, hata mkubwa alipomwandikia mdogo wake kazini. Kwao lilikuwa pambo tu. Sisi tukalitafsiri, nalo likaja na uzito wake wote.

Na si kwamba tulikosa desturi yetu. Barua zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa hati za Kiarabu, ambazo leo zimehifadhiwa Goa, India, ni miongoni mwa maandishi ya Kiswahili ya kale zaidi yaliyosalia. Mwaka 1892 Mjerumani Carl Büttner alichapisha kitabu cha maandishi ya Kiswahili kwa hati hizohizo za Kiarabu, barua zikiwemo. Barua ya pwani ilianza na “ila jenabi”, yaani “kwa mtukufu”, ikamtaja mpokeaji kwa sifa zake, ikamsalimu kwa nafasi, ndipo shauri likafuata.

Kisha likaja Azimio la Arusha, 1967. “Ndugu” ikatawala juu ya barua, na chini “Wako katika ujenzi wa taifa.” Vijana huicheka hiyo ya pili. Mimi siicheki: inamweka mwananchi na mtendaji kwenye saiti moja, kila mtu na tofali lake. “Mheshimiwa” mwachieni diwani na mbunge. Mtendaji ni mwajiriwa. Na ile “Mpendwa mteja” ya benki? Kiingereza kilichovalishwa khanga.

Turudi steshenari. Kijana alifuta, akauliza aweke nini. “Weka ‘Wasalaam’,” mzee akasema, “halafu jina langu na namba ya simu. Saini nitaweka mwenyewe.”

Wenye steshenari mliomo humu ukumbini, nendeni mkalifute lile neno “mtiifu” kwenye mafaili yenu.

Naomba kuwasilisha.