Sufuria Isiyoguswa Nyama

Nimetakiwa niseme machache juu ya mchuzi mlioula mchana huu hapa Maskati, ule wa mtindi na unga wa dengu. Wahindi huuita kadhi; msicheke, si yule wa kuozesha.

Marehemu bibi yetu alifunzwa kule Unguja na jirani yake wa Kibaniani, ambaye hakula nyama wala samaki. Kwa ajili yake bibi alitenga sufuria isiyoguswa nyama, ili jirani apate kula kwetu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 walipoteana. Tulipohamia huku, bibi alinunua sufuria mpya katika soko la Matrah akaitenga vile vile, ingawa mgeni wake hakuwapo tena.

Mtindi hupigwa pamoja na unga ungali baridi, kisha hukorogwa motoni bila kuachwa, usije ukakatika. Haradali na mvuje hukaangwa mwisho. Naam, mvuje ule ule wanaofungiwa watoto kuwakinga.

Mwaka jana, kwa haraka ya wageni, nilipika nyama katika sufuria hiyo. Mama alinyamaza siku nzima. Nimekwisha nunua nyingine, nayo ndiyo iliyopikiwa leo.